Juu ya Kufundisha Kitenzi cha Kiholanzi kwa Wasemao Kiingereza

Vitabu vingi vinavyowafundisha Kiholanzi wasemao Kiingereza vina desturi ambayo, kwa maoni yetu, yafaa ipingwe. Sentensi ya Kiingereza hufanywa kipimo, na kila palipo na tofauti mwanafunzi huambiwa kwamba maneno yamegeuzwa. Katika "Ik bel haar op" (nampigia simu) haoni ajabu ila kijineno "op" kutupwa mwishoni. Katika "Morgen bel ik haar op" (kesho nitampigia simu) aambiwa kiima na kitenzi vimebadilishana nafasi. Akifika "omdat ik haar opbel" (kwa sababu nampigia simu) apewa kanuni nyingine tena. Kanuni tatu kwa jambo moja!

Jan Koster, katika makala yake ya mwaka 1975, alitetea hoja kwamba nafasi ya asili ya kitenzi cha Kiholanzi ni mwishoni, baada ya yambwa. Ushahidi mmoja ni hicho kijineno "op". Katika kishazi tegemezi kitenzi kimekaa kwao, kimeungana na kijineno chake. Katika kishazi huru kitenzi ndicho kilichohamia nafasi ya pili, na "op" ikabaki ilipokuwa. Nafasi ya kwanza yaweza kukaliwa na kiima au kielezi. Kiima hakina haki ya pekee juu yake.

Upande wa njeo hasara ni kubwa zaidi, maana kosa la mpangilio mara nyingi huchekesha tu, bali la njeo hupotosha habari. Umbo la "heb gezien" lafanana na timilifu ya Kiingereza, lakini hukubali bila taabu kielezi cha wakati uliokwisha: "Ik heb hem gisteren gezien", yaani nilimwona jana. Kiingereza hukataa. Tena, Mwingereza aliyekaa Leiden miaka kumi, naye angali huko, akifuata timilifu ya kwao atasema "Ik heb hier tien jaar gewoond", na mwenyeji ataelewa kwamba amekwisha kuhama. Ilimpasa kutumia wakati uliopo: "Ik woon hier al tien jaar".

Kiafrikana, kilichotokana na Kiholanzi huko Afrika Kusini, kimeacha karibu maumbo yote ya wakati uliopita yasiyo na kisaidizi, isipokuwa machache kama "was" na "kon". Lakini mpangilio ule wa kitenzi kimeuhifadhi. Basi njeo na mpangilio ni mambo mawili, nayo yafundishwe mbalimbali.

Watakaosema kwamba kuanza na kishazi tegemezi ni kumlemea mwanafunzi mgeni, na wafungue kamusi: humo kitenzi kimeandikwa "opbellen", kijineno kikiwa mbele.