Ukuta Usiofika Milimita Moja

Ndani ya kinu cha nyuklia, kati ya urani na maji yanayoipoza, pana bomba jembamba lenye urefu wa mita 4 hivi na ukuta usiofika milimita moja. Nje, maji ya nyuzi 300 yanalibana. Ndani, vidonge vya urani vinavimba. Na usiku na mchana nyutroni zinazing'oa atomu za metali mahali pake. Bomba hukaa humo miaka kadhaa bila kupasuka. Sijaona kazi ya ufuaji inayonistaajabisha kuliko hii.

Metali yake ni zirkoniamu, nayo nusura itupwe. Katika miaka ya 1940 vipimo vilionyesha kwamba inameza nyutroni mno. Kaufmann, mjuzi wa metali wa chuo cha MIT, na Pomerance, mwanafizikia wa maabara ya Oak Ridge, ndio waliotambua kuwa mlafi ni hafniamu, metali inayotoka nayo katika mchanga mmoja na kumeza nyutroni zaidi ya mara 500 kuliko zirkoniamu. Zikatenganishwa. Katika nyambizi Nautilus, iliyoshushwa majini mwaka 1954, zirkoniamu ikawa vazi la urani na hafniamu ikawa breki ya kinu. Mwanafizikia peke yake angebaki na kipimo kinachodanganya.

Na ufundi wenyewe! Maji huila metali polepole, na haidrojeni hujipenyeza ndani yake ikaganda kuwa visahani vyembamba. Vikilala kuzunguka bomba kama pete, bomba hustahimili. Vikisimama kama spoki za baiskeli, ufa umepata njia. Mkao wa visahani huandaliwa kiwandani, bomba linapokandamizwa na kurefushwa: fundi hupanga chembe za metali leo kwa ajili ya hatari ya miaka ijayo.

Katika kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011, maji yalipokauka, zirkoniamu iliyopata moto kupita kiasi ilinyang'anya mvuke oksijeni; haidrojeni ikajaa, majengo yakalipuka. Dawa inayojaribiwa sasa ni utando wa kromiamu, na hiyo nayo haitengenezwi kwa elimu moja. Ndiyo maana katika chuo kikuu cha Berkeley, huko California, uhandisi wa nyuklia na sayansi ya nyenzo huweza kusomwa pamoja katika shahada moja.

Mchanga wa zirkoni, chanzo cha zirkoniamu, ulichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, kwa zaidi ya miaka 10, ukasafirishwa nje ukiwa mchanga. Wewe mwanafunzi unayependa fizikia na kemia, ukiambiwa uchague moja, usikubali.