Jina Moja, Kadi Mbili: Tusome Vizuri Tangazo la "Kompyuta ya Gemu"

Ukitafuta kompyuta ya gemu kwa hela ya kuungaunga, matangazo yote yanafanana: "Core i7, RAM 16, kadi ya NVIDIA 2GB, taa za rangi, inapiga gemu zote." Haya, tulisome kama jedwali la maabara. Kila namba hapo inapima nini?

Anza na "i7". Hilo ni jina la daraja, halipimi kasi. Core i7-2600 ilitoka 2011, Core i3-12100 ikatoka 2022. Zote zina viini vinne, lakini hiyo i3 inaiacha i7 mbali, kwa sababu kila kiini chake kinamaliza kazi nyingi zaidi ndani ya sekunde ileile. Muuzaji akisema "i7" bila tarakimu zinazofuata, hajakwambia kitu.

Sasa njoo kwenye kadi, maana hapa ndipo hela inapopotea. GT 1030 inapendwa na wenye bajeti ndogo: inakula wati 30 tu na haihitaji waya wake wa umeme, kwa hiyo inafaa hata kwenye kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini. Ilitoka 2017 ikiwa na memori ya GDDR5. Mwaka uliofuata NVIDIA wakatoa nyingine yenye memori ya DDR4. Jina? Lilelile. Ukubwa? 2GB zote.

Fikiria tenki na bomba. Hiyo 2GB ni ukubwa wa tenki; gemu inategemea sana bomba. Kadi zote mbili hupitisha biti 64, yaani baiti 8, kwa kila mpigo. Ya GDDR5 ina mipigo bilioni 6 kwa sekunde: gigabaiti 48. Ya DDR4 ina bilioni 2.1: gigabaiti 16.8. Ni karibu theluthi tu! Na kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta zaidi ya milioni 2; ukitaka picha 60 kwa sekunde, kadi inatakiwa kuchora nukta milioni 124 kila sekunde. Bomba likiwa jembamba, gemu inakwamakwama.

Kuuza kadi ya polepole si kosa, wapo inaowatosha. Kosa ni kuipa jina la mwenzake, halafu mnunuzi mwenye hela kidogo ndiye abebe hasara. Na usidhani laptop zimepona: RTX 4060 ya laptop inaweza kupewa wati 35 au hadi 115, kutegemea mtengenezaji, na jina halibadiliki.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, fanya haya. Omba namba kamili ya prosesa. Fungua programu ya bure iitwayo GPU-Z, uangalie aina ya memori ya kadi na kasi yake. Kama ni laptop, uliza wati za kadi. Kisha omba gemu unayoicheza wewe iwashwe kwa dakika ishirini, joto lipande, uone kama bado inakwenda. Muuzaji akikataa yote hayo, funga pochi yako uende duka la pili. Taa za rangi utanunua baadaye ukitaka. Hazichori hata nukta moja.