Zimebaki Ngapi?

Katika ua mmoja wa Temeke wanakofanyia mazoezi vijana wa riadha, swali moja husikika kuliko amri yoyote: "Zimebaki ngapi?" Anayeuliza ni kocha mtu mzima, mrusha tufe wa zamani. Anayeulizwa ni binti wa mkuki, ndiyo kwanza amerudisha chuma kwenye vigingi baada ya kuchuchumaa nacho mara tano. Anahema, anafikiri kidogo, anajibu, "Mbili, mwalimu." Kocha hakubali wala hakatai. "Haya, andika," anasema, na binti anachukua daftari lake.

Chuma chenyewe ni bomba la maji lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege huku na huku. Makopo hayalingani. Kila anayefanya mazoezi pale anajua upande upi ni mzito, na kila baada ya seti hugeuka akaingia kwa upande wa pili, bega moja lisiumie kwa ajili ya jingine. Hakuna anayekumbushwa.

Swali lile lina maana rahisi: ungeweza kunyanyua mara ngapi zaidi kabla ya kushindwa kabisa? Kulijibu ni kazi ya miezi. Wageni wote husema uongo bila kukusudia. Mwenye majivuno anasema nne huku magoti yanamtetemeka. Mwoga anasema sifuri, na bado chuma kilipanda kwa kasi ileile ya mara ya kwanza. Kocha habishani nao. Siku moja moja, mwili ukiwa umepumzika, anasimamisha vijana wawili huku na huku kwa usalama, kisha anamwambia aliyesema zimebaki mbili, "Haya, tuzione." Binti yule alipojaribiwa hivyo mara ya kwanza alizitoa sita. Hakuchekwa. Aliambiwa aandike mbili, na pembeni yake aandike sita. Ukilifungua daftari lile leo utaona namba za pembeni zikisogeleana ukurasa baada ya ukurasa: mbili na tano, tatu na nne, mbili na mbili. Sijaona cheti cha michezo kinachonigusa kama kurasa zile.

Maana mwenye kujua zimebaki ngapi hahitaji tena kuambiwa abebe kilo ngapi. Siku aliyosimama kwenye daladala kutoka Mbagala, au aliyokesha na mgonjwa, anasikia kwenye seti ya kwanza kwamba kilo hamsini za leo ni sitini za juzi. Anapunguza bila kuona haya. Siku mwili unapoitika anaongeza kidogo bila kungoja ruhusa. Na anajua anaongeza kwa ajili ya nini, kwa sababu kocha ana swali la pili, gumu zaidi: "Zoezi hili linakusaidia wapi unaporusha?" Binti akishindwa kueleza jinsi mguu wa mbele unavyokita chini na kuipeleka nguvu ya mbio kiunoni, kisha begani, zoezi linaondolewa kwenye daftari mpaka aelewe. Wakubwa wa pale hawapangiwi wiki. Wanaiandika wenyewe, wanamletea, naye anawauliza kwa nini wameweka kuruka Jumatano ilhali Jumanne ni ya miguu.

Wataalamu nao walipita njia hii. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliandika jinsi alivyorudisha nguvu za miguu ya askari majeruhi kwa kuwaongezea uzito hatua kwa hatua. Baadaye Msweden Gunnar Borg alitengeneza kipimo cha kuanzia 6 hadi 20, ambacho kwacho mtu mwenyewe anataja jinsi anavyosikia ugumu wa kazi. Maabara zenye mashine za kila namna zilikubali kwamba kuna jambo ambalo sharti aulizwe mwenye mwili.

Wapo wanaomtaja Julius Yego wa Kenya kuwa ushahidi kwamba walimu wamepitwa na wakati. Kweli, alijifunza mkuki kwa kutazama video za akina Jan Železný na Andreas Thorkildsen, katika nchi ambayo macho yote yalikuwa kwenye mbio, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia kule Beijing kwa mita 92.72. Mimi naona funzo jingine. Video haimjui anayeitazama. Ilimbidi Yego mwenyewe apime lipi linaufaa mwili wake na lipi aliache. Na alipopata nafasi ya kwenda Kuortane, Ufini, hakujiona amemaliza, alifanya kazi na kocha Petteri Piironen.

Vijana wetu wengi hawapati video wala kocha wa namna hiyo. Wanapata filimbi. "Seti nne, mara kumi kumi," na ole wake anayeuliza sababu. Au wanapata programu ya kwenye simu, iliyotungwa kwa ajili ya mtu wa mbali mwenye chakula cha uhakika na usingizi wa saa nane, wanaimeza kama dawa ya mgonjwa mwingine. Goti likivimba, lawama ni za goti. Kocha akihama, timu nzima haijui Jumatatu ianze na nini, ingawa imefanya mazoezi miaka mitatu.

Kocha yule wa Temeke hana msaidizi. Wanaokuja kwake wakisema wanataka kujifunza ukocha hawakai hata jioni nzima. Wanaomba programu, wanapiga picha kurasa za daftari, wanaaga. Naye hawanyimi. Lakini kurasa wanazoondoka nazo ziliandikwa na binti mmoja kwa ajili ya mabega yake, wiki aliyokuwa na mitihani, na huko zinakopelekwa zitafuatwa kilo kwa kilo.