Kushiriki na Kushirikishwa: Lugha ya Mikutano ya Afya na Watu wa Migori

Miongoni mwa tanzu za maandishi zilizoenea sana katika Afrika ya Mashariki tangu uhuru, azimio la mkutano limehakikiwa kidogo mno. Riwaya hupata mhakiki wake, ushairi hupata mabishano yake, hata tangazo la biashara limepata wa kulichambua. Azimio husomwa kwa sauti siku ya mwisho, hupigiwa makofi, kisha hufungiwa kabatini. Jambo hili ni la kushangaza, kwa kuwa azimio lina fani yake, lina wahusika wake na lina nafsi inayosema; tena maneno yake huweza kuamua zahanati ipi itapata dawa na ipi itapata bango tu.

Makala haya yanashughulikia azimio la aina moja, yaani lile la mikutano ya kimataifa ya afya ya jamii na utafiti, pamoja na taarifa zinazoandamana nalo, na yanalitazama kutoka Migori na Homa Bay, kaunti mbili za Kenya zilizo kando ya Ziwa Viktoria. Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba watu wazima walioishi na virusi vya Ukimwi nchini Kenya walikuwa asilimia 4.9, Homa Bay walikuwa asilimia 19.6, na Migori asilimia 13. Kabla ya hapo, mwaka 2012, uchunguzi uliofanywa Ndhiwa na Madaktari Wasio na Mipaka ulikuta karibu mtu mmoja kati ya kila wanne. Tarakimu kama hizi ndizo zilizowafanya watu wa mwambao huu wawe wahusika wa kudumu katika kumbi ambazo wengi wao hawajapata kuziona.

Historia ya uhusika huo ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1907, na tena mwaka 1908, London ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa juu ya malale, ugonjwa uliokuwa ukiwaangamiza watu wa ziwa na visiwa vyake. Waliokaa mezani waliwakilisha serikali zilizotawala, si vijiji vilivyozika. Mbung'o alijadiliwa kwa kina. Wenyeji walijadiliwa hasa kama watu wa kuzuiwa wasitembee.

Tofauti ya miaka sabini baadaye ni kubwa, na mhakiki wa haki hana budi kuikiri. Tamko la Alma-Ata la Septemba 1978, lililotolewa mbele ya wajumbe wa serikali 134 na mashirika 67, lilitangaza kwamba pengo la afya baina ya watu halikubaliki kisiasa, kijamii wala kiuchumi. Katika sehemu yake ya nne lilisema jambo zito zaidi: kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma za afya yao wenyewe. Hapo watu ndio kiima cha sentensi, wala hawangojei kutendewa. Sehemu ya kumi ilithubutu hata kutaja fedha za silaha na vita kuwa ni fedha zilizoweza kutumika kwa afya, jambo ambalo maazimio ya siku za karibuni hulitaja kwa woga, kama yakilitaja kabisa.

Bahati mbaya, kilichofika vijijini si sehemu ya nne bali wito: Afya kwa Wote ifikapo mwaka 2000. Yafaa wito huu uwekwe kando ya mwingine uliotangulia kwa miaka mitano tu, ule wa kampeni ya redio ya Tanzania ya mwaka 1973, Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Maneno matatu yale yana kiima, nacho ni mtu. Kitenzi chake ni kishirikishi, na afya imefanywa kuwa hali ya mtu mwenyewe. Katika Afya kwa Wote hakuna kitenzi. Afya ni kitu kinachotoka mahali fulani kwenda kwa wapokeaji, na anayekitoa hatajwi. Si kwamba kampeni ya 1973 haikuwa na amri ndani yake; ilikuwa nazo tele, na vyoo vingi vilichimbwa kwa sababu katibu kata alikuwa akipita. Hata hivyo aliyeuchagua wito ule alijua kwamba Kiswahili hakikosi njia ya kumweka mtu mwanzo wa sentensi.

Athari ya wito wa pili inaonekana wazi katika mnyambuliko wa vitenzi. Kitenzi cha Alma-Ata, kikitafsiriwa kwa uaminifu, ni kushiriki. Lakini taarifa za warsha na semina zinazoandikwa kwa Kiswahili nchini Kenya na Tanzania hazikitumii sana. Zinatumia kushirikishwa. Wananchi washirikishwe; jamii ihamasishwe; akina mama waelimishwe; vijana wawezeshwe. Wanafunzi wa sarufi wanaijua kauli hii: ni kutendesha iliyotiwa kutendwa juu yake. Kwanza kinaongezwa kiambishi cha kumtia mtu katika tendo, kisha kinaongezwa kingine cha kumfanya apokee tendo hilo, na mwishowe mtendaji anadondoshwa kabisa. Anayeshiriki ana tendo lake. Anayeshirikishwa amealikwa katika tendo la mwingine, na mwaliko huweza kufutwa. Haitoshi kudai kwamba hili ni suala la mtindo wa makarani. Mtu akisoma kurasa ishirini ambamo watu wa Migori hawana kitenzi hata kimoja cha kutenda, atatoka akiamini kwamba hawatendi.

Neno jamii nalo linastahili lawama yake. Katika taarifa hizo jamii huwa na fikra moja, mila moja na vikwazo vilevile. Ndani ya Migori neno hili limewameza mvuvi wa Muhuru, mchimba dhahabu wa Macalder, mkulima wa tumbaku wa Kuria na mama anayeanika omena Sori. Watu wanaosema Kijaluo, Kikuria na Kiswahili, na ambao hawakubaliani hata juu ya bei ya samaki.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, uko katika neno ambalo mikutano hii hulitanguliza siku hizi kuliko yote, nalo hutafsiriwa usawa. Kiingereza kina maneno mawili hapa: moja la kulingana, na jingine la kupata kwa kadiri ya haki na haja. Margaret Whitehead, katika andiko lake la mwaka 1990 kwa Shirika la Afya Duniani, alilifafanua hilo la pili kwa kuzitaja tofauti za afya ambazo si za lazima, zingeweza kuepukwa, na tena ni dhuluma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 10, katika matini yake ya Kiingereza, inayaorodhesha maneno yote mawili bega kwa bega kama tunu mbili za taifa. Mfasiri anayeandika usawa kwa yote mawili anajikuta ameandika neno lile lile mara mbili katika orodha moja, au amefuta tunu moja ya taifa bila idhini ya Bunge.

Kosa hili si la kalamu tu. Kwa usawa wa kulingana, Homa Bay ingepewa wauguzi na dawa za Ukimwi sawasawa na kaunti ambayo ugonjwa huo ni nadra, na mgawaji angejisifu kwamba hakupendelea. Kwa ile maana nyingine, mgawo huo huo ni dhuluma. Lugha ya mwambao wa bahari ina neno insafu, lenye uzito wa haki inayopima hali ya kila mtu, na wapo watakaopendekeza lifufuliwe. Pendekezo hilo lina mvuto, lakini mtu wa Rongo akiambiwa insafu atahitaji mkalimani wa pili. Haki ya afya, au mgawo wa haki, vinaeleweka kutoka Lamu hadi Muhuru bila kamusi, navyo vina sifa moja zaidi ambayo usawa haina: haki huweza kudaiwa. Hakuna aliyewahi kwenda mahakamani kudai tarakimu zilingane, lakini kifungu cha 43 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa.

Jinsi mhusika anavyochorwa huonekana vizuri zaidi katika matukio mawili. La kwanza ni la mwaka 2001. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa ghali mno, na mabishano yalikuwa moto kama Mwafrika angeweza kuzitumia ipasavyo. Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la Marekani, alisema hadharani kwamba Waafrika wengi hawazijui saa za kimagharibi, basi watamezaje dawa kwa nyakati zilizopangwa? Mwaka huo huo wagonjwa walianza kupewa dawa hizo bila malipo katika hospitali ya serikali ya Homa Bay, kwa mradi wa Madaktari Wasio na Mipaka. Msemaji wa Kiswahili haoni fumbo lolote hapa. Saa yake huanza jua linapochomoza. Saa moja asubuhi na saa moja jioni zimeachana kwa saa kumi na mbili kamili, na hakuna mpangilio wa dawa za mara mbili kwa siku uliotajwa kwa wepesi zaidi katika lugha yoyote. Mhusika asiyejua saa alitungwa na mtu ambaye hakuuliza.

Tukio la pili ni la utafiti uitwao SEARCH, uliofanywa kuanzia 2013 katika maeneo 32 ya Kenya na Uganda, kila moja likiwa na watu wapatao 10,000, baadhi yakiwa Homa Bay na Migori. Katika nusu ya maeneo hayo watu walipimwa kila mwaka magonjwa kadhaa kwa pamoja, si Ukimwi peke yake, na wenye virusi wakaanzishiwa dawa mara moja. Katika nusu ya pili walipimwa mwanzoni, kisha wakafuata utaratibu wa nchi. Matokeo yalitangazwa Amsterdam mwaka 2018 katika mkutano wa kimataifa wa Ukimwi, na kuchapishwa mwaka uliofuata katika New England Journal of Medicine. Baada ya miaka mitatu, virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa asilimia 79 ya wenye navyo katika nusu ya kwanza, na asilimia 68 katika nusu ya pili. Lakini maambukizo mapya hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Sababu mojawapo ni kwamba pande zote mbili zilipimwa mwanzoni kwa wingi mno, takriban watu wazima tisa katika kila kumi. Nyingine ni kwamba mwongozo wa nchi wenyewe ulibadilika, kila mwenye virusi akaruhusiwa dawa.

Hapa sarufi inafanya kazi ambayo takwimu haikuifanya. Taarifa husema watu walipimwa. Kiswahili kinaruhusu pia kusema walikwenda kupimwa, na huo ndio ukweli ulio karibu zaidi na jambo lilivyokuwa. Watu waliacha nyavu na majembe, wakapanga foleni. Kwao walioandaa ulinganisho, wingi huo ulikuwa sehemu ya sababu ya tofauti kutoonekana. Kwa waliopanga foleni, ulikuwa tendo lao wenyewe, na lilisaidia pande zote mbili. Matini inayoandika tendo hilo kwa kauli ya kutendwa imempoteza mhusika mkuu wa kisa.

Haifai kudhani kwamba vijiji havina utanzu wake wa kujibu. P. W. Geissler, mtafiti aliyeandika mwaka 2005 juu ya kijiji cha Wajaluo magharibi mwa Kenya, alilishughulikia neno kachinja, lililotokana na kitenzi cha Kiswahili kuchinja, nalo huwataja wanyonya damu wa uvumi. Neno hilo lilizuka palipokuwa na watafiti waliochukua damu. Ni ndugu wa mumiani wa pwani. Wataalamu wa mikutano huuita uvumi wa namna hii kikwazo, na huandaa semina ya kuuondoa. Mhakiki wa fasihi simulizi angeusoma vingine: kwamba ni simulizi yenye maswali ya akili timamu kabisa. Damu inakwenda wapi? Nani anafaidi? Mbona anayeitoa anabaki maskini na anayeipeleka anapanda gari? Ukiondoa vazi la kutisha, yanayobaki ni maswali yale yale ya mgawo wa haki ambayo mikutano huyaandika kwenye mabango yake.

Na mabango hayo hutundikwa mbali. Mkutano wa kimataifa wa Ukimwi wa mwaka 2022 ulifanywa Montreal, na wajumbe wengi wa Afrika walinyimwa viza au hawakujibiwa kwa wakati, hata waandaaji wenyewe wakalalamika. Mada za haki ya afya zilijadiliwa huku viti vya wenye mada vikiwa vitupu. Udhuru wa lugha nao umepungua nguvu, maana mwaka huo huo wa 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi.

Fomu ya ridhaa, ile anayotia sahihi mtu kabla ya kutolewa damu, hutafsiriwa kwa lugha ya mtoaji, kwa kuwa kamati za maadili hudai hivyo, na humo mtoaji huitwa mshiriki. Taarifa ya matokeo haina kamati inayoidai tafsiri. Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake mwaka 2016, kimo ndani ya Migori. Kile cha Tom Mboya kimo Homa Bay. Kurasa chache za matokeo ya Amsterdam, zikiandikwa upya kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, zikimtaja aliyekwenda kupimwa kwa kitenzi chake, ni kazi ya muhula mmoja kwa wanafunzi wa tafsiri wa vyuo kama hivyo, na zingeweza kusomwa Sori siku ya soko.