Fundi wa Kumbukumbu Namba

Kupitia GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki ulioanza kazi mwaka 2017, mteja wa maji, mwanafunzi wa chuo cha umma na mwenye kiwanja nchini Tanzania wanalipia ankara zao kwa kumbukumbu namba ya tarakimu 12. Mteja huiona namba tu. Mimi nilikaa kando ya fundi wa mamlaka moja ya maji, nikatazama njia yake inavyojengwa.

Hakuanza kuandika programu. Alisoma mwongozo, kisha akachora safu mbili kwenye daftari: jina la kila kitu katika mfumo wa ankara, na jina lake upande wa GePG. Mfumo wa ankara ni wa zamani na unafanya kazi vizuri, kwa hiyo hakuugusa ndani. Alijenga huduma ndogo pembeni yake, inayochota ankara kutoka kanzidata na kuipanga upya katika XML: kiasi, jina la mteja, simu, tarehe ya mwisho ya kulipa.

Saini ya kidijitali huja mwisho kabisa. Nafasi moja tupu ikiongezeka baada ya kusaini, ujumbe unakataliwa. Ndiyo maana alilinganisha alichosaini na kilichotumwa, herufi kwa herufi, bila kunung'unika.

Jibu la kwanza la GePG husema tu kwamba ujumbe umefika. Namba yenyewe hufuata baadaye, katika anwani ambayo taasisi imeifungua kwa ajili hiyo. Fundi akaipa ankara hali ya "inasubiri", na mfumo ukaendelea na wateja wengine.

Penye taarifa za malipo, ambazo GePG hutuma mteja akishalipa, ndipo alipokaa muda mrefu zaidi, na ndipo nilipomvulia kofia. Mtandao ukikatika, taarifa ileile huweza kuja mara mbili. Kila risiti, huduma yake huitafuta kwanza. Ikiwa imeshaandikwa, hujibu kwamba imeipokea, wala haiongezi kitu. Alituma malipo yaleyale mara mbili, mara tatu, akachomoa waya wa mtandao katikati, akarudia. Salio la mteja halikutikisika.

Kesho yake aliiomba GePG orodha ya malipo ya jana, akailinganisha na ya kwake mstari kwa mstari.

Benki nyingine ikijiunga na GePG, hana cha kubadilisha: taarifa itakayomfikia itakuwa na muundo uleule.