Kuhesabu Mikeka Iliyochanika

Jumamosi, kabla mechi za Uingereza hazijaanza, pita kijiwe chochote cha bodaboda, Mbagala au Kisauni, utamkuta mtu kainamia simu anasuka mkeka wa kubeti. Kaweka timu kumi, zote za uhakika kwa maneno yake, kila moja na odi ya 1.50. Maana yake dau la shilingi 1,000 kwenye mechi moja likishinda linarudi 1,500. Ukiziunganisha mechi zote kumi, odi hazijumlishwi bali zinazidishwa, na 1.50 ikizidishwa hivyo mara kumi inafika 57 na ushei. Buku moja inageuka 57,000. Kwa mtu ambaye siku nzima kapakia abiria juani, hesabu hiyo ni tamu, na haina kosa lolote. Ila ni nusu ya hesabu.

Nusu ya pili iko hivi. Kampuni ya kubeti haiwezi kutoa odi ya 1.50 kwa timu inayoshinda mara mbili katika kila tatu, maana hapo haipati kitu. Inaitoa kwa timu yenye nafasi ndogo kidogo kuliko hiyo, tuseme asilimia 63. Katika mechi moja pengo hilo halionekani kwa macho: anayerudia dau la 1,000 kwa muda mrefu anarudishiwa wastani wa 945. Shilingi 55 zimekatwa, wala haziumi. Lakini kwenye mkeka nafasi nazo zinazidishana kama odi zinavyozidishana. Asilimia 63 ikipita mechi kumi inashuka hadi chini kidogo ya asilimia 1. Katika kila mikeka 101 hivi mmoja unafika, nao unalipwa mara 57. Ukiigawa pesa hiyo kwa mikeka yote, kila 1,000 inarudisha wastani wa 568. Zile shilingi 55 zimekuwa 432, na hakuna aliyemnyang'anya mtu kitu kwa nguvu.

Jumatatu utasikia kilio: "Timu moja tu imenichania!" Anayesema hivyo anaamini kakaribia, kwamba bahati ilimgusa bega ikapita, na wiki ijayo atasuka tena. Nalo hilo linahesabika. Kwa nafasi zilezile, mkeka wa timu kumi kuharibiwa na timu moja pekee hutokea karibu mara sita kwa kila mara moja ambayo mkeka unafika. Kukosa kwa timu moja ni jambo la kawaida kabisa. Hata nyota ya mtu haihusiki.

Nausifu ufundi huu wa kuhesabu uwezekano kwa sababu moja kubwa. Fundi wake hakubali kuhesabu kilichojitokeza peke yake. Mkeka uliofika unapigwa picha, unarushwa kwenye makundi ya WhatsApp, unazua mjadala hadi usiku. Mingine mia inafutwa kimyakimya na wenyewe. Fundi anaikusanya hiyo, anaiweka kwenye jedwali pamoja na ule uliofika, ndipo anafungua mdomo.

Na ulianzia kwenye kamari, tusiuonee aibu. Mwaka 1654 mwanahisabati Blaise Pascal, akiwa Paris, aliandikiana barua na Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, kuhusu swali lililokuwa limewashinda watu siku nyingi. Wachezaji wawili wameweka pesa mezani, mchezo ukakatizwa kabla mshindi hajapatikana: wagawane vipi? Katika mfano mmoja wa Pascal, kila mchezaji kaweka sarafu 32 za dhahabu, anayetangulia kushinda raundi tatu anachukua zote, na mmoja ana mbili huku mwenzake ana moja. Mtu wa kawaida angetazama yaliyokwishatokea, akagawa mbili kwa moja, na wote wawili wakaondoka wakinung'unika. Njia ya Fermat inatazama raundi ambazo hazikuchezwa. Raundi mbili zaidi zingetosha kumaliza ubishi, na raundi mbili zina namna nne za kwenda: tatu zinampa ushindi anayeongoza, moja inampa mwenzake. Basi huyu achukue 48, yule 16.

Palitokea mpinzani, naye hakuwa mjinga. Gilles de Roberval, mwanahisabati wa Paris, alihoji inakuwaje wanahesabu raundi ambazo zisingechezwa kamwe, maana mtu akishashinda mchezo unaishia hapo. Pascal alimjibu kwamba kuendelea kucheza baada ya mshindi kujulikana hakumpunguzii wala kumwongezea yeyote haki yake, kwa hiyo raundi hizo za kudhania hazimdhuru mtu, na zinarahisisha hesabu. Jibu hilo nalipenda kuliko hesabu yenyewe. Pascal aliingiza kwenye mizani kitu ambacho hakipo na hakitakuwepo, na mgawo ukatoka wa haki.

Miaka karibu 300 baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtaalamu wa takwimu Abraham Wald alifanya jambo la ukoo huohuo katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Takwimu za matundu ya risasi zilitoka kwa ndege za kivita zilizorudi tu. Wald akabuni njia ya kukadiria, kutokana na hizo, zile ambazo hazikurudi zilipigwa wapi. Sehemu yenye matundu machache kwenye ndege iliyorudi huenda ndiyo sehemu ambayo ikipigwa, ndege hairudi.

Lakini mahali ambapo ufundi huu unahitajika zaidi ni maabara ya zahanati. Tuseme kuna ugonjwa unaompata mtu mmoja katika mia, na kipimo kinachosema kweli mara 95 katika 100, kwa mgonjwa na kwa mzima. Umepimwa, jibu ni "ndiyo". Wengi wetu tungerudi nyumbani tukiamini tunaumwa kwa asilimia 95. Chukua watu 10,000. Wagonjwa ni 100, na kipimo kinawanasa 95. Wazima ni 9,900, na kipimo kinawasingizia asilimia 5 yao, yaani 495. Waliopewa "ndiyo" ni 590, na wagonjwa kweli kati yao ni 95 tu, mmoja katika sita hivi. Kilichosahaulika ni lile jeshi la wazima, ambao hakuna aliyewafikiria kwa sababu hawaumwi.

Sasa wapime wale 590 kwa kipimo cha aina nyingine, chenye ubora uleule lakini ambacho makosa yake hayategemei makosa ya kile cha kwanza. Watakaopata "ndiyo" ya pili ni 115 hivi, na 90 kati yao ni wagonjwa kweli. Kutoka mmoja katika sita tumefika karibu wanne katika watano. Vipimo vya VVU ni bora mno kuliko hiki cha kudhania, lakini hata huko jibu la kwanza likionyesha maambukizi, mhudumu haliandiki kuwa la mwisho. Anafungua kipimo cha aina nyingine na kupima upya.