Je, "Hali Mbaya ya Hewa" Yatosha? Uhakiki wa Istilahi za Urubani

Katika tafsiri za habari za ajali za ndege ndogo, maneno "hali mbaya ya hewa" yamekuwa kama gunia: hutiwa humo radi, dhoruba, mvua, wingu na ukungu. Mfasiri asiyepambanua mambo haya humpa msomaji sababu isiyo sababu.

Ndege hurushwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa kuona: rubani huongozwa na ardhi na upeo wa macho. Ya pili ni kwa ala: huongozwa na vipimo vilivyo mbele yake. Ajali tunazozizungumzia hutokea pale arukaye kwa kuona aingiapo katika wingu au ukungu. Hewa yenyewe huweza kuwa shwari kabisa. Katika majaribio ya Chuo Kikuu cha Illinois, yaliyochapishwa mwaka 1954, marubani 20 wasiozoea ala waliwekwa katika hali hiyo. Wote walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani wa sekunde 178.

Tuchukue mfano wa helikopta iliyoanguka Calabasas, California, tarehe 26 Januari 2020, na kuwaua Kobe Bryant na wenzake 8. Mwaka 2021 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilitaja chanzo kuwa ni uamuzi wa rubani wa kuendelea kuruka kwa kuona mahali pasipoonekana, hata akapoteza utambuzi wa mkao wake angani. Alimwarifu mwongozaji wa ndege kuwa anapanda, kumbe anashuka. Kwa hiyo, kuandika kuwa helikopta "ilikumbwa na ukungu" ni kupotosha. Kitenzi hicho cha kutendwa humfuta mtendaji pamoja na uamuzi wake, na uamuzi huo ndio somo lenyewe.

Istilahi nyingine mbili nazo zina kasoro. "Uoni hafifu" tayari hutumika kwa watu wenye udhaifu wa macho, ilhali macho ya rubani huyu ni mazima. Kilichofichika ni ardhi. "Kupoteza mwelekeo" nako hufahamika kuwa ni kupotea njia. Rubani aweza kuijua njia yake barabara, asijue juu ni wapi na chini ni wapi. "Kizunguzungu" hakifai pia, kwani mara nyingi hujihisi ametulia, na hapo ndipo penye hatari.

Tunapendekeza basi istilahi hizi zijadiliwe: mwonekano hafifu, kwa hali ya anga; kuruka kwa kuona na kuruka kwa ala, kwa njia mbili za urubani; na kupotewa na wima, kwa rubani asiyetambua tena mkao wake. Wapo watakaosema kuwa ala ni za muziki. Lakini neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa vifaa vya kazi.

Mwanafunzi wa urubani akifundishwa kuwa adui ni hewa mbaya, ataogopa dhoruba na kuuingia ukungu uliotulia bila hofu. Hatuna budi kumpa neno litakalomgeuza arudi alikotoka.